Mnunuzi Amenyamaza na Kasha Limepasuka

SWALI

Assalaam aleikum, Mshauri wetu.

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba yangu. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiuza makasha, viti na fremu za vioo kwa njia ya mtandao: naweka picha Facebook, kisha tunapatana bei na mteja kwa WhatsApp. Mwezi wa Februari mama mmoja wa Nakuru aliagiza kasha la ukubwa wa kati, lenye nakshi za mbele na misumari ya shaba kwenye mfuniko. Katika tangazo nilikuwa nimeandika kwamba makasha yangu yote ni ya mbao kavu. Tulipatana shilingi 38,000, akaongeza shilingi 4,500 za usafirishaji, na zote alizituma kwa M-Pesa kabla ya mzigo kuondoka. Nililifunga kasha kwa magunia na maboksi, likavushwa kwa boti hadi Mokowe, na hapo likapandishwa basi. Alilipokea likiwa zima, akaniandikia kunishukuru.

Baada ya wiki tano alinitumia picha moja na maneno machache: "Fundi, mfuniko umepasuka. Nimesikitika sana." Ufa ulikuwa umeanzia ukingoni na kufika karibu na katikati. Nakiri kwamba nilijibu kwa haraka. Nilimwandikia kuwa kasha liliondoka kwangu bila kasoro, na kwamba huenda limeanikwa juani au limeangushwa na watu wa nyumbani kwake. Hakujibu. Usiku niliitazama picha tena kwa utulivu, nikaona kuwa ufa umefuata nyuzi za mti na hakuna alama ya kugongwa, nikakumbuka pia kwamba ule ubao wa mfuniko niliununua kwa mtu mwingine baada ya mbao zangu kuniishia. Niliambiwa ni mkavu, nami sikuhakikisha. Asubuhi nilimwomba radhi na kumuuliza anataka nifanye nini. Tangu siku hiyo, na huu ni mwezi wa pili, nimemtumia jumbe saba na kumpigia simu mara nyingi. Jumbe zinaonyesha alama mbili za buluu, kwa hiyo anazisoma, lakini hajibu wala hapokei.

Wenzangu barazani wamegawanyika. Mmoja anasema aliyenyamaza amekubali, niendelee na kazi zangu. Wa pili anasema nimrudishie fedha zote kwa M-Pesa nipumue. Wa tatu anataka niyaweke mazungumzo yetu kwenye kundi la wauzaji, jina na nambari vikionekana, ili watu wajue kwamba si mimi niliyekataa kusawazisha. Fedha ninazo, na kila nikizitazama naona kama si zangu. Nifanye nini?

Fundi wa Langoni, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu fundi.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu limesimama pale pale: kwenye ule ujumbe wako wa kwanza. Wewe unazihesabu jumbe saba za upole ulizotuma baadaye, lakini mama huyo huenda anauhesabu mmoja tu, ule uliomwambia kwamba watu wa nyumbani kwake wameliangusha kasha. Mtu aliyetuma shilingi 42,500 kwa fundi asiyemjua kwa uso, akamwamini bila kukigusa anachokinunua, kisha akaja na malalamiko ya sentensi mbili zisizo na tusi wala kelele, amejibiwa kwa kutuhumiwa. Wengi wakijibiwa hivyo hawagombani. Huiweka simu kando na kujiambia kwamba wamekwisha kupata somo.

Nasema hivi nikiwa najijua. Niliwahi kununua saa ya ukutani kwa njia hii hii, ikafika imesimama, nikaandika kulalamika, na muuzaji akaniuliza kama ninajua kutia betri. Sikumjibu tena. Alipoandika siku tatu baadaye kwa maneno mazuri nilikuwa nimekwisha kuchoka, na kila ujumbe wake mpya niliuona kama mwanzo wa mabishano mengine. Kimya changu hakikuwa ridhaa, na wala hakikuwa chuki. Nilikuwa nakwepa tu kujieleza upya.

Sasa tuje kwenye kasoro yenyewe, kwa sababu ni lazima uijue vizuri kabla ya kuikiri. Mti ukikatwa huwa umejaa maji, na hata baada ya kupasuliwa mbao huendelea kuyatoa mpaka unyevu wake ulingane na ule wa hewa iliyouzunguka. Ukishapungukiwa, ubao husinyaa kwa upana, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kasha lako liliundwa penye hewa ya bahari, likapelekwa Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni kavu kuliko ya Lamu. Ubao uliokuwa bado na unyevu mwingi ulipofika huko ulianza kujivuta, na ikiwa kwa ndani uliukaza mfuniko kwa vibao vya kukatiza nyuzi, ukavipigilia misumari na kuvitia gundi, basi haukuwa na pa kujivutia. Ulipasuka mahali penye udhaifu. Mafundi wengi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene, na hata ubao uliokaushwa hivyo huhitaji nafasi ya kucheza kidogo ukihamia nchi nyingine ya hewa. Ndiyo sababu vile vibao vya ndani hufungwa kwa skrubu zinazopita katika matundu marefu, ili ubao usogee bila kuraruka. Kwa hiyo hata kama mama huyo alilisogeza kasha karibu na dirisha lenye jua, sababu ya ufa ilikuwa imo ndani yake tangu siku lilipovuka kwenda Mokowe. Kama kona ingekuwa imebonyea, au nakshi zimevunjika, tungekuwa na mazungumzo mengine kuhusu wabebaji na njia.

Sheria nayo haikuachi mbali na hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na kwa anayeifanya biashara ya aina hiyo inataka pia iwe katika hali ya kufaa kuuzwa. Wewe uliandika "mbao kavu". Sheria hiyo hiyo humpa mnunuzi muda wa kutosha wa kukikagua kitu, na akikaa nacho kupita muda huo bila kusema kwamba anakikataa, huhesabiwa kuwa amekipokea. Hapa ndipo rafiki yako wa kwanza anapopata nguvu, lakini ameishia nusu ya njia. Anayehesabiwa kuwa amepokea hupoteza haki ya kukirudisha kitu na kuivunja biashara. Hapotezi haki ya kudai fidia kwa kasoro iliyokuwemo, na madai yanayotokana na mapatano hubaki hai kwa miaka 6. Isitoshe, mama huyo hakukaa kimya tangu mwanzo. Alikueleza kasoro, na ni wewe uliyemfungia mlango. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo mtu anaweza kuiendea bila wakili na ambayo hutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Siyasemi haya kukutisha. Nataka ujue kwamba kimya cha leo si hati ya kukuachilia.

Nawe, kama watu wengi wa Lamu, bila shaka umekwisha kusikia watu wakizungumzia khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kukirudisha kitu alichokikuta na ila ya zamani. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi pwani hii, haki hiyo hutakiwa itumiwe upesi, na anayechelewa bila udhuru huipoteza. Pengine rafiki yako alikuwa na hilo moyoni. Lakini wanazuoni hao hao wana kanuni isemayo kwamba aliyenyamaza hanasibishwi kauli, ingawa huongeza kuwa kunyamaza mahali panapohitaji maneno huweza kuwa ni kubainisha. Kanuni hizo mbili ukiziweka pamoja juu ya kadhia yako, utaona ugumu wake: je, mama amenyamaza mahali palipohitaji neno lake, au amenyamaza kwa sababu neno lake la kwanza halikuheshimiwa? Mimi si wa kutoa hukumu hiyo, na kama unaitaka, muulize mwanachuoni unayemwamini. Ninaloliona ni kwamba huwezi kukitumia kimya ulichokisababisha wewe mwenyewe kama ushahidi wa kukufaidi.

Rafiki yako wa pili ana moyo mzuri, na bado ningekuzuia. Ukimtumia shilingi 42,500 leo bila neno lake utakuwa umeivunja biashara peke yako, naye hajasema kwamba anataka ivunjwe. Pengine analipenda kasha. Pengine limo chumbani kwa binti yake, na anachotaka ni mfuniko tu. Akiziona fedha zimeingia ghafula, atajiuliza kama sasa unalitaka kasha lako na kama kuna mtu atakayekuja kulichukua, na utakuwa umemtupia kazi nyingine badala ya kumpunguzia. Tena laini ya simu huweza kupotea au kutumiwa na mtu mwingine wa nyumbani, na fedha zikishaingia kwenye simu isiyo yake, kuzirudisha si jambo la kutegemea. Kuhusu ile hisia kwamba fedha si zako, ningependa uipunguze kidogo, kwa sababu itakufanya ufanye jambo la pupa. Uliuza kasha, naye kasha analo. Unachodaiwa kwa sasa ni kulisawazisha, na kusawazisha kunaweza kuwa kurudisha fedha zote, au mfuniko mpya, au sehemu ya bei. Mwenye kuchagua ni yeye.

La rafiki wa tatu ni baya, nami silitafutii maneno laini. Jina na nambari ya mteja ulipewa kwa ajili ya kumtumia mzigo, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayolinda habari kama hizo. Lakini hata pasipo sheria, utamwanikaje mtu hadharani kwa kosa la kutojibu, ilhali kasoro ni yako?

Basi andika ujumbe mmoja zaidi, wa mwisho katika mfululizo huu, na uandike ili uweze kusimama peke yake bila maelezo mengine. Jumbe saba za "mama, umenisamehe?" na "mama, nijibu tafadhali" zinamtaka mtu ashughulike na huzuni yako kabla ya kushughulikia kasha lake. Uondoe ule ujumbe wa kwanza kwa kuutaja, kiri kosa bila kulizungusha, toa hiari zenye kiasi kamili cha fedha, na mrahisishie kujibu kadiri iwezekanavyo. Mimi ningeandika hivi:

"Salaam, mama. Ni mimi, fundi wa Lamu niliyekuuzia kasha mwezi wa Februari. Ujumbe wangu wa kwanza kuhusu ufa haukuwa wa haki, na ninauondoa. Ubao wa mfuniko haukuwa umekauka ipasavyo, na kosa ni langu. Nipo tayari kwa lolote kati ya haya, na gharama zote ni juu yangu. Moja, nilichukue kasha na kukurudishia shilingi 42,500. Mbili, nikutengenezee mfuniko mpya wa mbao kavu na kumlipa fundi wa hapo Nakuru aufunge. Tatu, ubaki nalo kama lilivyo, nami nikurudishie shilingi 10,000 katika bei. Waweza kunijibu kwa nambari tu: 1, 2 au 3. Fedha nimeziweka kando. Sitakusumbua tena hadi mwisho wa mwezi ujao, na ukichelewa ahadi yangu itakuwa pale pale. Kwa sasa tafadhali ufa usizibwe kwa gundi, na kasha lisiwekwe juani."

Hizo shilingi 10,000 ni mfano wangu. Wewe ndiye ujuaye kasha lenye ufa wa namna hiyo lingeuzwa kwa bei gani, na kiasi cha kutoa ni ile tofauti. Gharama za kulirudisha usimwachie hata kwa kidokezo, kwa sababu sheria niliyoitaja haimlazimishi mnunuzi aliyekikataa kitu kukipeleka mwenyewe kwa muuzaji. Inatosha aseme kwamba anakikataa. Neno la gundi nalo usiliache. Ubao huo utaendelea kusogea kadiri misimu inavyobadilika, na ukizibwa kwa nguvu sasa utatafuta mahali pengine pa kupasukia, kisha hapatajulikana ufa upi ni wa nani.

Utume kwa WhatsApp, na siku hiyo hiyo utume ujumbe mfupi wa kawaida wa simu wenye muhtasari wake, kwa sababu alama za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa kwenye simu hiyo na hazionyeshi ni nani aliyeufungua. Huenda simu ni ya mtoto wakati wa jioni. Ikiwa mzigo ulipokewa kwa niaba yake na mtu mwingine ambaye nambari yake unayo, unaweza kumpigia mara moja na kumwomba amwambie mama kwamba fundi wa Lamu ana haki yake mkononi. Usimweleze zaidi ya hapo. Bei na malalamiko ni siri ya mteja wako. Kisha unyamaze wewe sasa, kama ulivyoahidi. Najua hii ndiyo sehemu itakayokuwa ngumu kwako kuliko kulipa.

Mazungumzo yote yahifadhi, pamoja na picha ya ufa, picha za kasha kabla ya kufungwa, stakabadhi ya basi na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Ujumbe huo wa M-Pesa una kazi nyingine pia: ndio unaokuonyesha nambari iliyolipa. Akichagua kurudishiwa fedha, zirudi kwenye nambari hiyo, baada ya kumpigia na kuisikia sauti yake. Akitokea mtu anayejiita mume au kaka yake na kukuletea nambari nyingine, mjibu kwa heshima kwamba unasubiri kauli ya mwenyewe. Wapo watu wanaoishi kwa kuzisikiliza kadhia kama hizi na kujitia katikati.

Na kama mwezi utapita bila neno? Mwandikie mara moja tena baada ya miezi mitatu, sentensi mbili zinazomkumbusha kwamba hiari zake zipo, kisha basi. Fedha ziweke mbali na zile za kununulia mbao na chakula, angalau kwa mwaka mmoja, ili siku akijibu usianze kuomba muda. Baada ya hapo unaweza kuzitumia katika kazi yako, lakini deni liandike kwenye daftari, na pia katika wasia wako, kwa kiasi na kwa sababu yake, ili hata wanao wajue. Atakayekuambia uzitoe sadaka kwa niaba ya mama huyo, mwambie kwamba hayo ni ya mwenye mali asiyeweza kupatikana. Huyu anapatikana; anazisoma jumbe zako. Hajaamua tu.

Jambo la mwisho kwako ni tangazo. Makasha mangapi yaliyobaki yana mbao za yule muuzaji? Yatoe kwenye picha leo hii, na wateja wengine uliowauzia kutoka katika mbao hizo waandikie kabla hawajaandika wao. Wengi hawatakuwa na ufa bado, na ukiwaambia mapema walegeze skrubu za vibao vya ndani, huenda wasiupate kabisa.

SWALI

Kwako Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa biashara ndogo hapa Malindi. Huleta vyombo vya jikoni kutoka Mombasa na kuviuza kwa status ya WhatsApp, na vijana wa bodaboda huvipeleka kwa wateja. Mwezi uliopita niliuza rigaleta kumi za mitungi ya gesi ya kilo 6. Wateja wawili wamenirudishia wakisema gesi inavuja na kunuka pale rigaleta inapokaa kwenye mtungi. Niliwapigia wote waliobaki, saba wakazirudisha, nami nikawarudishia fedha zao. Mmoja tu hapokei simu na ujumbe hausomwi. Nimemwandikia kwamba akitaka fedha zake aje. Je, nimetimiza wajibu wangu?

Mama wa Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hujatimiza, na nakuomba uondoke sasa hivi kwenda kumtafuta kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Yule fundi wa Lamu nimemwambia aandike mara moja kisha asubiri, kwa sababu ufa wa kasha hauui mtu. Lako ni tofauti kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani, hutambaa chini, hukusanyika sakafuni na kwenye pembe za jiko, na cheche moja ya kiberiti au ya swichi ya taa yatosha kuiwasha. Harufu unayoisikia imetiwa makusudi kiwandani, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, na mtu aliyelala au mwenye mafua huenda asiisikie. Kwa kasoro ya namna hii kimya cha mnunuzi hakina maana yoyote ya kisheria wala ya kibiashara ya kujadiliwa. Kinamaanisha kwamba hajajua.

Ujumbe wako pia ulikosea mahali muhimu: ulizungumza habari za fedha. Asiye na haja na fedha hizo wiki hii atauacha. Andika upya kwa ujumbe wa kawaida wa simu, maana ule wa WhatsApp haujasomwa, na neno la kwanza liwe hatari: "Rigaleta niliyokuuzia inavuja gesi. Usiitumie. Usiwashe moto wala swichi yoyote. Fungua milango na madirisha, funga gesi, toa mtungi nje. Nitakuletea nyingine bure." Usimwekee tarehe, na usimwombe athibitishe kama anataka kuirudisha.

Kijana wa bodaboda aliyempelekea anaujua mlango. Mlipe akupeleke, na kama mteja hayupo, zungumza na jirani au mwenye nyumba; hapa hakuna siri ya mteja ya kulinda kuliko uhai wake na wa hao hao majirani. Ukikosa kabisa, weka tangazo kwenye status yako na kwenye makundi ya mtaa lisilotaja jina la mtu, likieleza kwamba rigaleta ulizouza mwezi uliopita zisitumiwe, pamoja na picha yake ili itambulike. Labda alimpa mtu mwingine kama zawadi. Zile tisa zilizorudi zifungie mahali pamoja, usizigawe wala usizitupe, kwa kuwa utazihitaji kumwonyesha uliyezinunua kwake, ambaye naye ana wateja wengine wa kuonywa.

Ukifika mlangoni, usianze na fedha wala na radhi. Omba kuuona mtungi, ufunge, utoe nje, kisha ndipo mzungumze. Na uende na rigaleta nyingine nzima mkononi, iliyokwisha kujaribiwa kwa povu la sabuni pale inapokaa kwenye mtungi, kwa sababu mwenye chungu motoni atarudi kuitumia ile mbovu jioni hiyo hiyo ukimwachia ahadi tu.